Amnesia: The Dark Descent, gemu inayokuadhibu kwa kuangalia

Gemu nyingi za kutisha nilizocheza zina mtindo mmoja: kitu kinakurukia usoni kwa kelele, unashtuka, unacheka, yanaisha. Amnesia: The Dark Descent, iliyotolewa mwaka 2010 na Frictional Games ya Sweden, hufanya hivyo mara chache sana. Yenyewe inakuweka gizani, inanyamaza, halafu inakuachia wewe kazi ya kujitisha. Picha zake zimeshakuwa za kizamani, lakini kwa kazi hiyo moja sijakutana na inayoishinda.

Unacheza kama Daniel, Mwingereza anayezinduka ndani ya kasri la Brennenburg huko Prussia, mwaka 1839, hakumbuki chochote. Anaokota barua yenye mwandiko wake mwenyewe: amekunywa dawa ya kusahau kwa hiari yake, na sasa ashuke mpaka chini kabisa ya kasri akamuue mtu aitwaye Alexander. Hadithi naiachia hapo. Ila tayari umeshawekewa mtego, maana kabla hujaona zimwi lolote unaanza kumtilia shaka huyo huyo unayemwongoza. Alifanya nini hata akaona heri asahau?

Silaha hupewi, hata rungu. Una kandili linalomaliza mafuta upesi, na viberiti vya kuwashia mishumaa na mienge ya ukutani. Zimwi likikuona utakimbia, utafunga mlango, utajificha kabatini, au utachutama kwenye kona yenye giza. Na hapo kwenye giza ndipo walipokubana. Daniel akikaa gizani akili zinaanza kumruka: picha inayumba, meno yanasagana masikioni mwako, wadudu wanatambaa kwenye skrini. Ukiwasha taa anatulia, ila sasa mnaonekana. Halafu wakaongeza moja la ukatili zaidi: kulitazama zimwi lenyewe nako kunampunguzia akili. Kwa hiyo unajibanza, unageukia ukuta, unasikiliza nyayo, na hujui kama limepita au limesimama mgongoni kwako. Mdogo wangu aliingia chumbani nikiwa katika hali hiyo akauliza, "Kaka, mbona muda wote unaangalia ukuta?" Sikuweza kumjibu, nilikuwa nasikiliza.

Studio nyingine ikishachora jitu lake hutaka ulione vizuri, ulisifu. Hawa walijinyima sifa hiyo, na ndiyo maana uzee wa picha hauwaumizi sana. Kitu ambacho hukukiona sawasawa hakichakai.

Ushahidi mzuri ni ile sehemu ya chini iliyofurika maji. Zimwi la humo halionekani kabisa, wala hakuna mwili uliochorwa. Unachoona ni maji tu yanaruka, chapwa, chapwa, yakija upande wako. Unaruka kutoka sanduku hadi sanduku, unatupa kipande cha nyama upande wa pili ili liende huko, halafu unashuka na kukimbilia mlango. Kila nikiirudia sehemu hiyo mabega yananipanda, na bado namwogopa mnyama ambaye si chochote zaidi ya sauti na mchirizi.

Halafu kuna milango. Hapa hubonyezi kitufe ikafunguka. Unaishika kwa kipanya na kuivuta au kuisukuma kwa mkono wako, polepole au kwa nguvu. Unaweza kuacha ufa mdogo ukachungulia. Raha tupu, mpaka siku unapofukuzwa: mkono unatetemeka, unavuta mlango unaotakiwa kusukumwa, na pumzi za kitu ziko nyuma yako. Hiyo hofu haijatoka kwenye skrini, imetoka kwenye kiganja chako. Droo na magurudumu ya mitambo nayo yanashikwa vivyo hivyo.

Vaeni hedifoni, tafadhali. Gemu yenyewe inashauri hivyo mwanzoni, na kuomba usicheze kwa nia ya kushinda bali uzame ndani yake. Muziki wa Mikko Tarmia na mbao zinazolia juu ya dari havina nguvu kwenye spika ndogo za laptop. Walioijua kupitia video za YouTube, za wachezaji maarufu wa huko kama PewDiePie wakipiga mayowe, wameona vichekesho tu. Kumtazama mtu akiogopa ni burudani. Giza la Brennenburg linataka uwe peke yako.

Udhaifu upo. Ukifa hupotezi kitu kikubwa, na ukirudi zimwi huenda limehamishwa au limeondolewa kabisa. Wamefanya hivyo ili usikariri lilipo, nami nawaelewa. Akili za Daniel zikiisha kabisa, anaanguka, anatambaa kidogo, kisha anainuka. Ukishajua kwamba vitisho vingi ni mkwara, nusu ya hofu inaondoka. Baada ya sehemu ya gereza la kasri nilianza kuhesabu mafuta badala ya kuomba Mungu. Mafumbo ya kutafuta kemikali na vyuma nayo yanachosha. Vyumba vya mateso vya mwishoni ndivyo vilivyoniamsha tena: unaona kifaa kitupu, unasikia sauti za waliofungwa humo, basi. Mwenye moyo mwepesi ajihadhari.

Mwaka 2018 waliongeza kiwango kigumu ambacho kinatibu karibu kasoro zote hizo. Akili zikiisha unakufa, kuhifadhi ulipofika kunakugharimu viberiti, na ule muziki unaokuonya kwamba zimwi liko karibu umeondolewa. Kwa aliyewahi kuimaliza, aanzie hapo.

Haihitaji mashine kali. Laptop yangu kuukuu inaiendesha bila kulalamika, na bei yake hushushwa mara kwa mara. Ukiinunua unapata pia hadithi zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, bure. Nyingine ni takataka, nyingine zimenikosesha usingizi. Anayetaka kupiga risasi atafute gemu nyingine.