Ben Wallace na Dennis Rodman: nani alikaba zaidi?
Wote wawili waliichezea Detroit Pistons, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na wakajipatia jina kwa kukaba, si kwa kufunga. Rodman, bingwa mara 5, alitwaa tuzo ya mlinzi bora wa NBA, ligi kuu ya mchezo huo, mwaka 1990 na 1991, kisha akaongoza kwa ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) misimu 7 mfululizo, kwani aliusoma mzunguko wa mpira hewani akajua utadondokea wapi. Wallace, ambaye mwaka 1996 hakuna timu iliyomchagua katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, aliitwaa tuzo hiyo mara 4, na katika fainali ya 2004 dhidi ya timu ya Los Angeles Lakers alisimama chini ya kikapu akisukumana na Shaquille O'Neal, aliyemzidi kimo na uzito kwa mbali, hadi Detroit wakatwaa ubingwa. Rodman aliweza kumkaba mchezaji wa karibu nafasi yoyote, sifa iliyo adimu sana; hata hivyo, mimi namtanguliza Wallace, kwa sababu ulinzi wa timu nzima ulimwegemea yeye.