Clapton ya kijivu: tangu 2011 naipigia benga, na bado sijamruhusu fundi aitoboe

Kabla sijalisifu gitaa hili, wacha niseme lilivyoniaibisha Ahero. Ilikuwa matanga, Ijumaa usiku, watu wamejaa mpaka kwenye migomba, na wimbo umefika pale mwimbaji anaponyamaza solo iingie. Nikaingia. Ikalia sekunde kumi hivi, ikaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni, halafu kimya. Mpiga besi akanikodolea macho. Mwenye jenereta akatimua mbio kuangalia petroli, maskini, na taa zinawaka vizuri tu. Kilichokuwa kimekufa ni betri ya gitaa, ile ya mraba ya volti 9.

Kwa hivyo yeyote anayeitamani Stratocaster ya Eric Clapton, yaani gitaa la umeme la kampuni ya Fender lenye jina la yule mpiga bluzi na roki wa Uingereza, alijue hili mapema: bila betri haitoi hata mnong'ono. Magitaa mengi ya umeme hayana habari na betri, lakini hili lina saketi ndani, na saketi hula. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, inaendelea kula wewe ukikoroma. Alhamisi ile baada ya mazoezi niliiacha imechomekwa. Kosa ni langu, lakini aibu tuligawana.

Langu ni la 1989, namba yake inaanza na SE9. Fender walianza kuyauza 1988, na ndiyo yaliyofungua safu yao ya magitaa yenye sahihi ya mwanamuziki. Sahihi ya Clapton imeandikwa kichwani. Rangi yake ni kijivu cha risasi, wao waliiita Pewter, na mara ya kwanza nililiona nilidhani limepakwa rangi ya mabati. Alilinunua baba mdogo akiwa Marekani, akarudi nalo nyumbani, akalipiga kanisani kwa adabu kubwa. Alipofariki 2011 likaja kwangu, pamoja na sanduku lake lililonuka dawa ya nondo.

Shingo ndiyo iliyoniteka. Mgongo wake haukuviringwa kama wa magitaa mengine, umechongwa kwa umbo la V iliyolainishwa, na kiganja kinakaa pale kama kilivyokaa kwenye mpini wa jembe ulilolizoea. Mimi nililelewa na gitaa kavu, nikafundishwa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, na jirani yetu wa Vihiga, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba. Mkono wa kushoto nao una tabia ya kupitisha dole gumba juu ya shingo. Kwenye hili linapita bila kuomba ruhusa.

Sasa sauti. Gitaa lina pikapu tatu (si zile za kubeba viazi, ni zile sumaku chini ya nyuzi) aina ya Lace Sensor, za rangi ya dhahabu. Mtu aliyezibuni, Don Lace, aliuzungushia waya wa ndani kingo za chuma ili kelele za umeme zisipenye. Huko kwao huenda hiyo ni anasa. Huku Kisumu, ambako ukumbi mmoja unaunganisha friji, taa za disko na amplifaya kwenye soketi moja isiyo na waya wa ardhi, ni dawa. Kuna nobu ya toni ambayo katikati unaisikia inakwama kidogo. Ukiivusha hapo, badala ya kukata ukali inauongeza. Yangu hukaa kwenye nane. Na kuna nobu ya tatu, ndiyo yenye kula betri, inayonenepesha sauti ya kati mpaka desibeli 25. Kwa bluzi ni tamu. Kwa benga ni kama kumvalisha mkimbiaji koti la baridi. Solo ya benga inafuata vidole vya mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, inataka kuwa nyembamba na ichome, kama tulivyoizoea kwa mwanabenga D.O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz. Hiyo nobu naifunga kabisa, na ndiyo iliyoanzisha mjadala wote: kama siitumii, kwa nini nibebe saketi na betri yake?

Fundi wangu wa Kondele hakuwa na mashaka. Ni fundi wa redio na amplifaya, mkono wake wa kulehemu ni msafi kuliko maandishi yangu. Alilifungua, akaangalia ndani, akasikitika.

"Jaduong', hii yote tutoe. Hapa nyuma tuweke hambaka, ile pikapu nene ya koili mbili, hapa tuchimbe kidogo na patasi tupate nafasi, betri kwaheri."

"Kuchimba wapi?"

"Hapa tu. Inchi nusu. Hakuna mtu ataona, plastiki itafunika."

Mpwa wangu, ndiye yule mpiga besi, akamuunga mkono, na hoja yake ilikuwa kali kuliko patasi. "Mjomba, si huyo Clapton mwenyewe alikuwa anachinja?" Kweli. Mwaka 1970 Clapton aliingia duka moja la Nashville akanunua Stratocaster kadhaa za mitumba kwa bei ya kutupa, akagawia marafiki baadhi, tatu akazifungua, akachukua kilicho bora katika kila moja akaunga gitaa moja jeusi aliloliita Blackie. Mwaka 2004 hilo gitaa la viraka liliuzwa kwa mnada pale Christie's kwa dola 959,500. Gitaa langu, lenye sahihi yake, limetengenezwa kwa kulifuata lile la viraka. Sasa mimi nilinde uasili wa nini?

Nilikosa jibu siku hiyo. Baadaye nikiwa kwenye matatu nikalipata: Blackie ilipanda bei kwa ajili ya vidole vilivyoipiga. Vidole vyangu vinajulikana kuanzia Kibuye hadi Ahero, na mwisho Sondu kukiwa na sherehe. Tundu la patasi ya Kondele halitapandishwa bei na mtu.

Halafu nilikuwa nimeshaumwa na nyoka. Mwaka 2013 nililipeleka kwa fundi mwingine mjini, sitamtaja, abadilishe nyuzi tu. Nyuzi za huku hazidumu, hewa ya ziwa inazila kutu. Nikalikuta limevalishwa masikio mapya ya kukazia nyuzi, yanang'aa kama meno ya bandia, na nyuma ya kichwa matundu mapya ya skrubu. Nikauliza ya zamani yako wapi. "Tulitupa, yalikuwa yamechoka." Hayakuwa yamechoka. Miaka mingi baadaye alikuja mnunuzi kutoka Nairobi, mkusanyaji, hakugusa hata nyuzi. Aliwasha tochi ya simu akaanza na nyuma ya kichwa, akaona yale matundu manne yaliyozibwa, akatikisa kichwa. Akaomba bisibisi. Chini ya plastiki alikagua kila tone la lehemu, moja moja, kama daktari wa meno, akitafuta lililong'aa kuliko mengine. Hakulipata, lakini kwa masikio peke yake alishusha theluthi ya bei aliyokuwa ameitaja kwenye simu. Sikuwa nauza. Nilitaka tu kujua.

Nilichofanya mwishowe ni hiki. Nilinunua ile plastiki ya mbele ikiwa tayari imefungwa pikapu tatu za kawaida, swichi na nobu zake, haina betri. Fundi akafungua skrubu, akaachanisha nyaya chache, akainua moyo wote wa Clapton ukiwa mzima, saketi na dhahabu zake, tukaufunga kwenye taulo na kuuweka kwenye kabati la mama watoto. Mwili haukuguswa. Shilingi elfu mbili za kazi, saa moja, na chai juu yake.

Na nikiri, kanisani na nyumbani ile plastiki mpya ilikuwa nzuri. Nyepesi, kali, solo inachoma hasa. Nilianza kumcheka baba mdogo na betri zake. Kisha Jumamosi moja tukapiga kwenye baa moja Nyalenda. Nikafungua volyumu, na kabla sijagusa uzi amplifaya ikaanza kuunguruma: mmmmmm, kama nyuki ndani ya debe. Nikigusa nyuzi inapungua, nikiachia inarudi. Nikigeuka kumtazama mpiga ngoma inapanda, nikiangalia ukuta inashuka, kwa hivyo nikapiga seti nzima nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilivumilia miezi mitatu ya hivyo. Moyo wa zamani ukarudi mahali pake, na ile plastiki nikampa mpwa, aliyekuwa amejipatia gitaa la bei nafuu la Kichina. Limempendeza.

Kitu kimoja nimekibadilisha na hakirudi: freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Zilikuwa zimechimbika kuanzia ya tisa kwenda juu, huko benga inakoishi, na nyuzi mbili nyembamba zikawa zinakufa sauti. Wapo watakaosema hata freti ziachwe. Hao naomba waje wapige usiku mmoja wa matanga, saa nne mpaka alfajiri, kwenye freti zilizolika, kisha tuongee. Freti ni tairi. Fundi alizipasha moto moja moja kwa chuma cha kulehemu kabla ya kuzing'oa ili mti usichanike, akazing'oa zote ishirini na mbili bila kibanzi. Nilikaa pale nikimwangalia, siku mbili, nikijifanya nasoma gazeti. Za zamani ziko kwenye mkebe wa majani ya chai.

Kwa anayetaka la namna hii: la kwanza kabisa omba kufungua plastiki, mwenye gitaa akikataa ondoka. Yale yaliyotoka kuanzia 2001 yana pikapu nyingine, za Vintage Noiseless, nazo ni tulivu, ila mimi ukali wa hizi za dhahabu ndio nimeuzoea. Likiwa limeshachongwa na mtu mwingine na bei imeshuka, linunue ulipige bila huruma, hilo halina cha kulinda tena. Langu limebakiza matundu manne tu ya aibu na sitaki la tano.

Betri nabadilisha kila baada ya miezi minne, hata kama bado ina nguvu, na tarehe naiandika kwenye kipande cha plasta ninachokibandika ndani ya sanduku. Ya akiba hukaa mfuko wa shati. Mwezi ujao tumeitwa Ahero tena, boma la jirani wa wale wale, na yule mwenye jenereta ameshanipigia simu kuuliza kama safari hii nitakuja na gitaa la kawaida.