DVD za Columbo: gandisha picha hapa

Habari zenu watazamaji. Leo mezani ninayo seti kamili ya DVD za Columbo, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani kuhusu mpelelezi wa polisi wa jina hilo, vipindi 69, kuanzia filamu ya majaribio ya 1968 hadi kipindi cha mwisho cha 2003.

Kabla hujatoa hela, geuza boksi utafute kialama cha dunia chenye namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa. Namba 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Uingereza na nchi za Ghuba, na Afrika Mashariki tuko 5. Deki yako ikiwa haichezi diski za kanda zote, diski ya ng'ambo itakataa. Tena, matoleo ya Uingereza huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo kipindi cha dakika 76 kinaisha kwa 73 hivi na sauti zinapanda kidogo. Si kasoro ya deki. Na kwenye rimoti weka umbo la picha la 4:3, maana bila hivyo Peter Falk, mwigizaji wa Columbo, anavutwa anakuwa mpana kama kabati.

Sasa utamu wenyewe. Weka msimu wa kwanza, kipindi cha "Dead Weight" cha 1971. Columbo anapomwonyesha jenerali kitambulisho, gandisha picha. Saini inasomeka: Frank Columbo! Jina la kwanza ambalo mfululizo haukuwahi kulitamka, na kwenye televisheni za wakati ule lilipita kama upepo. Mwandishi Fred Worth aliweka "Philip" kama jina la Columbo kwenye kitabu chake cha mambo madogo madogo, makusudi, kama mtego wa kuwanasa wanaonakili. Watengenezaji wa Trivial Pursuit, mchezo wa maswali na majibu, wakaingia mtegoni, naye mwaka 1984 akawadai mahakamani dola milioni 300. Alishindwa.

Rudi kwenye filamu ya 1968. Mtazame Columbo akifika mlangoni, halafu anageuka: bado swali moja. Hilo lilizaliwa kwenye mashine ya taipu. Richard Levinson na William Link, waliombuni Columbo, walipokuwa wakiandika mchezo wa jukwaani, onyesho moja lilitoka fupi, na mpelelezi alikuwa ameshatoka chumbani. Waliona uvivu kupiga taipu upya, wakamrudisha. Uvivu ule ukawa silaha yake kubwa.

Koti la mvua ni la Falk mwenyewe, alilitoa nyumbani. Peugeot 403 ile aliichagua kwenye gereji ya studio. Ukimwona anapekua mifuko akitafuta penseli, mtazame anayeigiza naye: mara nyingi hayo hayakuwa kwenye muswada, na ule usumbufu usoni ni wa kweli kabisa. Mimi naona hapo ndipo uigizaji wake unapowazidi wengine wote.

Kipindi cha "Murder by the Book" kaongoza Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Ongeza sauti mwanzoni: mlio wa taipu ndio unaobeba onyesho.

Mfuko ukiwa mdogo, chukua msimu wa kwanza. Una filamu zote mbili za majaribio. Ukiongeza wa pili, anza na "Étude in Black" ya 1972, mbwa wa Columbo anapoingia. Falk alimkataa, akisema koti na gari vinatosha, mpaka alipomwona mwenyewe: mzito, masikio yanaburuta, hana haraka na lolote. Yuko kwa daktari wa mifugo. Yatazame macho yake.