Karibu mwaka mzima na mkoba wa mtandaoni wa utetezi wa TB: uzoefu wangu

Swali lililonifanya niutafute mkoba huu wa vifaa vya kuwashawishi wenye mamlaka niliulizwa na diwani wetu Oktoba 2024, kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nilikuwa nimesimama dakika kumi nzima nikieleza kifua kikuu kinavyotumaliza: wachimbaji, wake zao, watoto wanaolala chumba kimoja na baba anayekohoa usiku kucha. Watu walinyamaza kimya, mama mmoja akafuta machozi. Kisha mheshimiwa akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada yangu, tumekusikia na tunakupa pole. Sasa unataka kamati ifanye nini?" Sikuwa na jibu. Nikasema "mtusaidie," nikaketi.

Naishi kwenye mji wa machimbo kaskazini mwa Tanzania. Niliugua TB mwaka 2019, nikameza dawa miezi sita, nikapona. Kaka yangu, mwanaapolo, yaani mchimbaji, tangu ujana wake, aliugua baada yangu. Mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe hushikwa na TB kwa urahisi kuliko mapafu mazima, na yake yalikuwa yameharibika vibaya. Tulimzika. Tangu hapo nimo kwenye kikundi cha watu waliopona: tunatafuta wenye dalili, tunawasindikiza kutoa makohozi, tunawafuata majumbani walioacha dawa. Kazi hiyo tunaijua. Kusimama mbele ya wenye bajeti ndiko tulikokuwa hatukujui, na ndiko mkoba huu unakodai kufundisha.

Ni tovuti, inafunguka kwenye simu bila kupakua programu yoyote, na haina malipo. Ndani mna karatasi za takwimu, mifano ya barua, slaidi, mwongozo wa kuzungumza na waandishi wa habari, mwongozo wa kusimulia kisa cha mgonjwa, kalenda, na fomu ya kufuatilia bajeti. Jina la waandaaji sitalitaja, maana nililotumia lilikuwa toleo la majaribio na bado wanalirekebisha. Nilianza kulitumia Novemba 2024.

Kilichonilipa gharama zote za bando ni karatasi moja tu, inaitwa Ombi Moja. Ina visanduku vinne: mnataka kitu gani, nani ana mamlaka ya kukitoa, anaamua lini, kitagharimu kiasi gani. Tuliijaza na wenzangu barazani pa zahanati kwa jioni mbili. Jioni ya kwanza tuliandika "elimu kwa jamii" na "serikali itujali." Chini ya kila kisanduku kuna swali dogo: je, kuna mtu anayeweza kulisaini hili likawa limetekelezwa? Hakuna anayesaini "itujali." Tukafuta.

Jioni ya pili mzee mmoja wa kikundi, aliyewahi kuugua TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ndiye aliyefungua njia. Alituuliza makohozi yanalala wapi kabla ya kufika kwenye mashine. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi, iko hospitali, na sampuli ikishawekwa ndani hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, tena inaonyesha kama vimelea vimeizoea rifampisini, dawa kuu ya TB. Lakini saa mbili hizo zinaanza kuhesabiwa sampuli ikishafika. Zetu zilikuwa zinasubiri mtu mwenye safari. Siku nne, mara nyingine wiki. Muda wote huo mgonjwa yuko nyumbani, anakohoa juu ya wanawe. Basi ombi likajiandika lenyewe: mafuta ya pikipiki mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kutoka zahanati hadi hospitali. Gharama tuliipata kwa kumuuliza kijana wa bodaboda.

Kisanduku cha pili, cha mwenye mamlaka, ndipo mkoba ulipotuacha njiani. Mifano yake yote ya barua inaelekezwa kwa mbunge au kwa Wizara ya Fedha, na inanukuu ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, kwamba nchi za Afrika zitenge asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Kwa wanaokwenda Dodoma ni silaha nzuri. Sisi mafuta yetu ya pikipiki yanaamuliwa kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, neno ambalo halimo popote kwenye mkoba. Aliyetuelekeza ni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Alitueleza kwamba mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mpango huandaliwa miezi mingi kabla, na anayekuja na barua mwezi Juni anakuta chungu kimeshaepuliwa. Kalenda ya mkoba imejengwa kuzunguka tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, siku ambayo Robert Koch alitangaza kule Berlin mwaka 1882 kwamba amekigundua kijidudu cha TB. Siku hiyo inafaa kwa maandamano na redio. Kwa bajeti ya halmashauri imechelewa. Naomba waandaaji waiweke kalenda ya halmashauri juu kabisa, hata kama kila nchi itahitaji ya kwake.

Takwimu nazo zilinitia aibu. Januari 2025 nilirudi kwenye kamati nikiwa na karatasi yao iliyosema watu milioni 10 wanaugua TB kwa mwaka na milioni 1.5 wanafariki. Daktari mmoja akaniambia kwa adabu kwamba hizo ni za mwaka 2018. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwishoni mwa 2024 ilisema milioni 10.8 waliugua mwaka 2023 na milioni 1.25 walifariki. Tofauti si kubwa kwa macho, lakini msikilizaji akishakushika kosa kwenye namba moja anaanza kuzitilia shaka na nyingine, hata zile ulizozihesabu mwenyewe kwa mkono. Tangu siku hiyo naangalia mwaka kwanza.

Kiswahili cha mkoba ni cha mashine, na kinaumiza. Ukurasa mmoja kazi yetu inaitwa "uwakili," ukurasa unaofuata "utangazaji." Sisi tunasema utetezi, au ushawishi, na kwenye semina za mashirika utasikia uchechemuzi; lolote kati ya hayo lingefaa. Niliwaandikia, na ukurasa wa kwanza wameshaurekebisha.

Ajabu ni kwamba katika tafsiri hiyo hiyo mbovu kuna sehemu iliyobadilisha kikundi chetu kuliko zote, nayo inahusu maneno. Inashauri tuache kumwita mtu "mtuhumiwa wa TB," maana hajaiba, na tuache kumwita aliyekatisha dawa "mtoro." Daftari letu lilikuwa na safu nzima ya watoro, kwa kalamu nyekundu. Nilipoisoma upya nikamwona kijana aliyeondoka kwenda machimbo mengine kwa sababu nyumbani hakukuwa na unga. Huyo alitoroka nini? Tukaandika "tuliowapoteza." Sasa tukimfuata mtu tunakwenda tukijua kwamba sisi ndio tunaomtafuta, na hata hodi tunayopiga mlangoni imebadilika.

Kuna visa vya wanaharakati pia, na kimoja nimekisoma mara tatu: Phumeza Tisile wa Afrika Kusini na Nandita Venkatesan wa India. Wote wawili walipoteza uwezo wa kusikia kutokana na dawa za TB sugu. Mwaka 2019 waliweka pingamizi India dhidi ya maombi ya kuongeza muda wa hataza (haki ya kampuni kuitengeneza peke yake) ya bedakwilini, dawa ya TB sugu, ili wengine waruhusiwe kuitengeneza kwa bei nafuu, na Machi 2023 ofisi ya hataza ya India iliyakataa maombi yale. Ombi lao lilikuwa moja, lenye karatasi ya kusaini. Kisa hiki kilistahili kuwekwa ukurasa wa mbele, lakini nilikikuta chini kabisa, baada ya picha nyingi za watu waliokonda wakikohoa kwenye vitanda. Picha hizo ziondolewe. Niliwahi kuwa mwembamba hivyo, na nisingependa mwanangu anione pale.

Mwongozo wa kusimulia visa umeandikwa na mtu anayewajua wagonjwa. Kabla ya kusaini ridhaa, fomu inataka umsomee msimulizi kwa sauti kwamba kisa kikishatoka kwenye WhatsApp hakirudi, na kwamba ana haki ya kusema inatosha wakati wowote. Inataka pia umwulize nani nyumbani hajui. Swali hili la mwisho tuliliruka kwa kijana mmoja wetu, kwa haraka zetu, kwa kuwa alikuwa mchangamfu na picha yake ilikuwa nzuri. Miezi mitatu baadaye alikuja amekunja uso: wakwe watarajiwa wameiona picha, posa imesimama. Tuliiondoa tulikoweza. Mama yetu mlezi wa kikundi akaenda kwa wazee wa binti akawaeleza kwamba mtu aliyemaliza dawa na kupimwa akaonekana amepona haambukizi, na kwamba mbele yao ameketi mwingine aliyepona. Mazungumzo yalichukua siku mbili. Posa ilipokelewa, lakini kijana hakurudi kwenye kikundi, na ninamwelewa. Yeyote atakayeutumia mkoba huu, nakuomba usiliruke swali hilo.

Upande wa simu: video zinajifungua zenyewe na kula bando kabla hujazigusa, na mwongozo mkuu ni faili moja zito ambalo simu yangu ilishindwa kulifungua mara mbili. Wangeligawa sura kwa sura, tena kwa maandishi matupu ambayo naweza kuyatuma WhatsApp. Halafu viungo vingi vilikuwa vinapeleka kwenye tovuti za misaada za Marekani. Misaada iliposimamishwa Januari 2025, siku chache baadaye tovuti zenyewe zikazimika, nasi tukabaki na kurasa tupu katikati ya maandalizi. Nyaraka muhimu zihifadhiwe humo humo ndani ya mkoba.

Ombi letu liliingia kwenye mpango. Kwenye kikao kile cha Januari diwani aliisoma karatasi yetu, ukurasa mmoja, akauliza maswali mawili, yote kuhusu pikipiki, na safari hii nilikuwa na majibu. Fedha za mafuta zilianza kutoka Agosti. Fomu ya kufuatilia bajeti ya mkoba ni nzuri lakini ni jedwali pana, kwenye simu huoni safu mbili kwa pamoja, kwa hiyo tumeinakili kwenye kaunta buku: tarehe, saa pikipiki ilipoondoka, idadi ya sampuli, saa majibu yaliporudi. Ijumaa iliyopita pikipiki iliondoka saa tatu asubuhi na sampuli sita, na majibu yakarudi kabla ya adhuhuri ya Jumamosi. Mbili zilikuwa na TB. Wote wawili wameanza dawa.