Jiwe la githeri lilivyonipasulia gego: nilivyotibiwa kliniki moja ya katikati ya jiji

Githeri ya kibandani, hapa Umoja, Nairobi, jioni tu nikitoka kazini. Nikauma kijiwe, kaa! Kipande cha jino kikatoka na mate, kama punje ya mchele.

Kliniki ya kwanza niliyoingia, karibu na nyumbani, walichungulia wakasema ling'olewe. Nikaondoka. Ya pili iko mjini, ghorofa ya tatu, na ndiyo ninayoizungumzia.

Daktari hakukimbilia koleo. Alinipa kijiti cha plastiki niume, ncha moja ya gego baada ya nyingine. Nilipouma, nafuu. Nilipoachia, niliruka kitini! Akasema hiyo ndiyo dalili ya ufa, na kwamba ufa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. "Jiwe limemalizia tu, kaka." Gego hilo lilizibwa zamani kwa ile dawa ya rangi ya fedha, tena shimo lilikuwa kubwa, kwa hiyo kuta zilizobaki zilikuwa nyembamba. Halafu akaniuliza kama nasaga meno usiku. Mke wangu analalamikia hilo tangu tuoane.

Kingekuwa kimemeguka kipembe tu, angeziba yakaisha. Lakini maji baridi yalikuwa yakiniachia maumivu ya dakika nzima, maana yake kiini cha ndani kimeshaumia. Basi ikawa ni kusafisha mizizi, mara mbili, wiki moja katikati. Sindano ya ganzi niliisikia. Baada ya hapo sikusikia kitu ila mlio wa mashine na redio ya mapokezi.

Lawama yangu ni moja. Mapokezi walinitajia shilingi 14,000. Habari ya kofia ya jino, 22,000 nyingine, niliipata nikiwa kitini, mdomo umekufa ganzi. Utabishana vipi? Kofia yenyewe ni lazima, sikatai: gego lililotobolewa hivyo likiachwa bila kofia linaweza kupasuka mpaka mzizini, na hapo mara nyingi halina dawa ila kung'oa. Ila waitaje mapema. Kofia ya muda nayo ilibanduka siku ya nne, wakairudishia bila malipo.

Miezi mitano sasa natafunia upande huo, hata nyama. Daktari alitaka pia nichukue kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, na hiyo bado sijalipia. Mke wangu huiulizia kila asubuhi.