Nimetumia .wine, .africa na co.tz kwa mvinyo wetu wa Dodoma: uzoefu wangu

Mimi na dada yangu tuna ekari mbili za mizabibu Mpunguzi, na tangu 2021 tunasindika wenyewe sehemu ya mavuno. Wenye mizabibu Dodoma wanajua kwa nini. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukikolea kila mtu anavuna wiki ileile. Zabibu haingoji, bei inaporomoka huku makreti yako yako kando ya barabara. Mvinyo ukishaingia kwenye chupa unasubiri. Ila chupa inataka jina, na siku hizi jina linataka tovuti.

Kijana anayetutengenezea lebo alitushauri tuchukue kikoa, yaani anwani ya tovuti, kinachoishia na .wine. Nililipenda wazo hilo papo hapo, kwa kuwa mteja akisoma anajua tunauza nini. Wakala wa mtandaoni alitutoza chini ya shilingi 30,000 kwa mwaka wa kwanza, tukachapa lebo 2,000 zenye anwani hiyo. Mwaka wa pili ilikuja bili ya zaidi ya 150,000. Nilidhani wamekosea. Kumbe bei ya kuhuisha, yaani kulipia tena kila mwaka, ilikuwepo tangu mwanzo, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Bei hiyo ndiyo ilipaswa kutangulia, kwa sababu ndiyo utakayoilipa miaka yote inayofuata.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya nitafute kujua .wine ni ya nani. Mwaka 2012 ICANN, shirika la Marekani linaloratibu majina ya intaneti duniani, lilipokea maombi 1,930 ya viendelezi vipya, yaani vile vipande vya mwisho vya anwani kama .wine. Ada ya ombi moja ilikuwa dola 185,000. Kutoka Afrika nzima yalikuja maombi 17. Kiendelezi cha .wine na mwenzake .vin (mvinyo kwa Kifaransa) viliishia kwa Donuts, kampuni ya Marekani ambayo sasa inaitwa Identity Digital, lakini si kimyakimya. Ufaransa, Hispania na Umoja wa Ulaya walipinga kwa miaka, wakitaka majina ya maeneo yao ya mvinyo kama Champagne na Bordeaux yalindwe, asije mtu asiye na mzabibu hata mmoja kule akayasajili mbele ya .wine. Vyama vya wazalishaji wa mvinyo vilisimama nao. Mwaka 2015 pande hizo zilifikia makubaliano, na kiendelezi kikafunguliwa kwa umma.

Nilisoma habari hizo usiku kucha, na zilinigusa kuliko ile bili. Sisi nasi tuna jina. Zabibu ya Dodoma ina historia yake tangu wamisionari wa Bihawana, ina aina yake ya Makutupora nyekundu, ina watu wa Hombolo na Mvumi waliozeekea kwenye mizabibu. Katika ugomvi ule sikuona popote mtu aliyesimama kulisemea neno Dodoma. Kama kuna kinachomzuia mgeni kulisajili na kuuza chini yake mvinyo wa kokote, mimi sijakiona.

Jambo lingine ni bei. Mikataba ya viendelezi hivi haina ukomo wa bei. Mwenye kiendelezi anatakiwa kuwapa mawakala notisi ya siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha, na ndani ya muda huo unaruhusiwa kulipia hadi miaka 10 kwa bei ya zamani. Laiti ningelijua hilo mapema.

Tukahamia .africa. Bei ilikuwa nzuri, na kuhuisha hakukunishtua hata mara moja. Nayo ilipiganiwa: ZACR, taasisi ya Afrika Kusini, iliungwa mkono na Umoja wa Afrika, na DotConnectAfrica, mwombaji mwingine, ikadai haki yake. Mwaka 2015 jopo huru liliamua kuwa ICANN ilikiuka kanuni zake yenyewe ilipoliweka kando ombi la DotConnectAfrica. Kesi ikaenda mpaka mahakama za Los Angeles, na .africa ikaanza kuuzwa kwa wote Julai 2017, miaka mitano baada ya kuombwa. ZACR ndiyo iliyoipata. Mimi nimefurahi kwamba iko mikononi mwa Waafrika.

Tatizo langu na .africa lilikuwa barua pepe. Mfumo mmoja wa kujisajili kama mzabuni uligoma kuipokea anwani yetu, ukaandika kwamba si sahihi. Fundi aliniambia mifumo ya zamani iliundwa kukubali herufi mbili hadi nne baada ya nukta ya mwisho, na africa ina sita. Nilipiga simu mara tatu bila mafanikio, muda wa maombi ukaisha. Tulikosa kuuza kwenye shughuli kubwa hapa mjini, na dada hakuzungumza nami siku nzima.

Sasa tunatumia co.tz. Inasimamiwa hapahapa Tanzania, na unaisajili kupitia mawakala walioidhinishwa. Nalipa kwa simu kwa shilingi, nikikwama napiga simu tunaelewana kwa Kiswahili. Hakuna mfumo uliowahi kuikataa. Kasoro moja ilitokana na uzembe wetu: yule kijana wa lebo aliisajili kwa jina lake, kisha akahamia Mwanza. Ni mwaminifu, alitusaidia hadi mwisho, lakini kuibadilisha iwe ya dada kulichukua wiki tatu. Angalia usajili siku ileile unapolipa, jina lako na barua pepe unayoifungua viwe pale.

Kwa nyota: co.tz naipa nne na nusu, .africa tatu na nusu, .wine mbili. Ile .wine nimeilipia mwaka mmoja zaidi, inampeleka mteja kwenye tovuti ya co.tz, kwa sababu bado kuna chupa madukani zenye lebo ya zamani. Zikiisha naiachia. Lebo mpya tayari zimechapwa, na safari hii neno Dodoma tumeliandika kubwa kuliko jina letu.