Nenosiri kuu au vifaa vinavyoaminiwa?

Ukiunganisha Bitwarden, programu ya kutunza manenosiri, na mfumo wa shirika wa kuingia mara moja (akaunti moja kwa programu zote), kwa itifaki ya SAML 2.0 au OpenID Connect, bado utaamua hifadhi ya siri, yaani mahali manenosiri yanapotunzwa, ifunguliwe na nini.

Ukibakiza nenosiri kuu, yaani lile linalofungua hifadhi, mtumiaji huthibitishwa na mfumo wa shirika, kisha huandika nenosiri hilo. Hatua mbili, na watu hulalamika. Lakini mfumo huo wa shirika ukivamiwa, mvamizi bado hana ufunguo wa hifadhi.

Kwa vifaa vinavyoaminiwa, ufunguo hukaa kwenye kifaa chenyewe. Kifaa kipya huidhinishwa na cha zamani au na msimamizi. Hapo ndipo penye hatari: msimamizi akikubali ombi bila kumpigia simu mwenye akaunti, huenda amemfungulia mwizi. Ningeichagua njia hii ya vifaa pale tu wasimamizi wanapohakiki kila ombi.